Masika Watatu Katika Mashini Moja

Kwetu Butembo na katika vijiji vyake, msichana wa kwanza wa nyumba huitwa Masika. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, na hivi hivi. Ukisimama sokoni ukaita "Masika!", watageuka wanawake kumi, na wa kumi na moja atakuuliza unamtafuta yupi. Mama yetu mzazi ni Masika. Tena alibatizwa Maria, kama wengi wa rika lake, hata jina la ubatizo halimtengi na wenzake. Tunaanza na habari hii ya majina kwa sababu nusura imuue.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, homa ilimshika usiku na pumzi yake ikawa fupi. Tukampandisha pikipiki, yeye katikati, sisi nyuma tukimshika, kilometa 18 za matope. Fishi yake ya dispensari ilibaki nyumbani, ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Katika fishi ile muuguzi mmoja aliandika zamani kwa wino mwekundu kwamba asipewe penisilini, maana siku moja alipochomwa sindano hiyo alivimba uso na kuwashwa mwili mzima. Tuliikumbuka fishi tulipokuwa nusu ya njia. Tukajifariji tukisema: hospitali sasa ina ordinateri, na mama alikwisha kulazwa pale, basi yote yamo ndani.

Na kweli, wenye kukumbuka zamani hawawezi kuidharau mashini hii. Fishi zilikaa katika kabati, na mwenye ufunguo alilala kwake. Mgonjwa wa saa nane ya usiku alitibiwa kama mtu aliyezaliwa usiku ule ule, asiye na jana wala juzi. Katika chumba cha wagonjwa wa haraka ndipo habari za zamani zinapohitajiwa zaidi, na ndipo zinapokosekana, kwa sababu mwenyewe mara nyingi hawezi kusema.

Msichana wa dirishani alituuliza jina la mama. Tukalitaja. Tukamwambia na habari ya penisilini, naye akaiandika. Tuliona vidole vyake vikienda. Akauliza siku ya kuzaliwa. Hatukuijua.

"Haidhuru, Baba Katekista," akasema, "tutakadiria."

Akaandika tarehe 1 mwezi wa 1, 1960. Baadaye tulipata kuelewa kwamba mle ndani walikuwamo Maria Masika watatu, na wote watatu walizaliwa tarehe 1 mwezi wa 1, 1960! Mashini ingefanyaje, maskini? Msichana alikuwa ameandika maneno yetu katika karatasi ya mmoja, na muuguzi wa ndani akafungua ya mwingine.

Muuguzi yule alikuwa peke yake na wagonjwa 11. Alitazama kioo cha ordinateri, akaona hapana dawa iliyokatazwa, akavuta ampisilini katika sindano. Ampisilini na penisilini ni ndugu wa tumbo moja, hilo tulilijua. Je, tulisema neno? Hatukusema. Tuliona haya. Tulijiwazia: tumekwisha kusema dirishani, limekwisha kuandikwa, nasi tuliosoma seminari tuonekane kama watu wasioamini ordinateri? Tukanyamaza, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu.

Hazikupita dakika nyingi, midomo ya mama ikavimba na kifua kikaanza kupiga mluzi. Muuguzi aliacha kioo, akapiga kelele kumwita mganga, akamchoma adrenalini katika paja. Mganga alipofika hakuuliza mashini imesema nini. Alishika mkono wa mama, akamwuliza: "Mukaka, dawa gani inakukataa?" Ndivyo tunavyowaheshimu wazee wa kike kwetu. Mama hakuweza kujibu. Ndipo sisi tukajibu, tumechelewa.

Alfajiri aliomba uji. Tukatoka nje tukakaa chini ya ukuta, magoti yakitetemeka.

Siku zile 4 za kumlinda tulikumbuka habari tuliyosimuliwa wakati wa Ebola. Wasomaji wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo: ulitangazwa kwetu tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Lakini habari yenyewe ni ya Marekani, mji wa Dallas, mwaka 2014. Kule hospitali zilikuwa na ordinateri tele, kwa kuwa sheria ya mwaka 2009 ilitoa mabilioni ya dola ili waganga waache karatasi. Mtu mmoja wa Liberia, Thomas Eric Duncan, alifika Dallas tarehe 20 mwezi wa 9. Usiku wa tarehe 25 alikwenda katika chumba cha wagonjwa wa haraka, ana homa. Alimwambia muuguzi kwamba ametoka Afrika. Muuguzi akaandika katika mashini. Duncan akarudishwa nyumbani na dawa za antibiotiki. Tarehe 28 aliletwa tena kwa gari la wagonjwa, na tarehe 8 mwezi wa 10 akafa kwa Ebola. Wauguzi 2 waliomhudumia waliambukizwa, wakapona.

Hospitali ile ilisema kwanza kwamba kosa ni la mashini: mganga haoni sehemu ile anayoandika muuguzi. Siku iliyofuata ikageuza maneno, ikasema kwamba mganga aliweza kuyaona. Basi neno lilikuwamo. Liliandikwa vizuri, mahali pake, na mtu akaenda zake na homa yake.

Tuliposikia habari hiyo mara ya kwanza tulitikisa kichwa juu ya waganga wa Dallas. Chini ya ukuta wa hospitali hatukutikisa tena. Muuguzi wa Dallas aliuliza, akaandika. Sisi tuliona sindano kwa macho yetu.

Msidhani kwamba tunaichukia mashini. Mwaka huo huo wa 2014, huko Sierra Leone, karatasi iliyoingia chumba cha wagonjwa wa Ebola haikuweza kutoka tena. Wauguzi walipaza sauti juu ya ua ili mwenzao wa nje aandike, naye husikia nusu. Ndipo Madaktari Wasio na Mipaka walipoleta ordinateri ndogo ya kushika mkononi, inayoweza kutumbukizwa katika maji ya klorini. Hiyo ni kazi ya akili na ya huruma pia.

Mama alipopona tulirudi dirishani. Msichana alituambia, kwa sauti ya kusikitika, kwamba hawezi kuwatenganisha wale Masika bila siku ya kweli ya kuzaliwa au jina la baba na mama. Jambo hilo sisi makatekista tunalijua! Katika daftari ya ubatizo hatuandiki Masika tu. Tunaandika baba, mama, msimamizi, kijiji, siku. Tukaenda parokiani, tukafungua daftari kuukuu ambayo panya wameonja pembe zake, tukamtafuta nusu ya siku. Alikuwamo: amezaliwa tarehe 14 mwezi wa 6, 1957.

Msichana akaandika, tena safari hii akatugeuzia kioo tusome wenyewe. Mama alipoambiwa tarehe yake alicheka sana, akasema tumemzeesha miaka 3 bure. Fishi yake ya wino mwekundu ameifunga katika karatasi ya nailoni, anaichukua hata sokoni. Wiki jana alikwenda kupimwa presha, na kabla muuguzi hajamaliza kumwamkia, alikwisha kumwambia penisilini inamkataa.