Robo Zisizofanana

Mtoto aliyezoea kutumwa dukani kununua robo kilo ya sukari, na kusikia nyumbani kwamba ni saa mbili kasorobo, huingia darasani akiwa tayari na neno robo kinywani mwake. Asichokuwa nacho ni picha ya neno hilo, na picha hiyo humpa mwalimu kwa chaki: mstatili, mistari michache, kisha kivuli.

Katika miaka yangu ya kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, nimeketi nyuma ya madarasa mengi yenye somo hili. Karibu kila mara umbo lilikuwa limekwisha kugawanywa sawasawa kabla mtoto hajaliona, naye akabakiwa na kazi ya kuhesabu tu: vitatu vina kivuli, vyote ni vitano, basi 3/5. Wako wanaolinganisha vyenye kivuli na visivyo navyo, wakaandika 3/2. Kosa hilo mwalimu huliona upesi. Lakini hata yule aliyepata, mchoree duara lililokatwa mapande matatu kwa mistari miwili iliyo sambamba, yenye nafasi sawa kati yake na kingo. Tia kivuli pande la katikati, ambalo ni kubwa kuliko mengine. Huenda akajibu thuluthi bila kusita. Asili ya sehemu haihesabu vipande hivi hivi. Huhesabu vipande vilivyo sawa.

Siku moja mwanachuo alichora mstatili mrefu, akaukata kwa mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, akatia kivuli pembetatu moja. Darasa zima likaitikia, "Robo!" Msichana mmoja akakataa. "Mwalimu, si robo. Hizi mbili ni nene, hizi nyingine ni nyembamba." Akajibiwa kwamba kitabu ndivyo kisemavyo, na somo likaendelea.

Jibu la msichana yule halikuwa sahihi, lakini kwa maoni yangu ndiye peke yake aliyekuwa akifanya hisabati asubuhi ile. Swali lake lilistahili mkasi, si kitabu. Ndugu mwanachuo, kata mstatili kama huo katika karatasi ya daftari kuukuu, utenganishe pembetatu zake nne, kisha ukate kila moja toka kilele hadi katikati ya kitako. Utapata pembetatu nane, nazo zote zitalaliana barabara (nyingine itabidi uzipindue). Kila moja ya zile nne imetoa mbili. Kwa hiyo nene na nyembamba zina eneo moja, ijapokuwa sura zao ni mbali mbali. Kazi yote haizidi dakika kumi.

Ukisha, waletee pembetatu iliyokatwa kwa mstari ulio sambamba na kitako, katikati ya kimo, na kipande cha juu kimetiwa kivuli. Wengi watasema nusu. Usiwasahihishe, wape mkasi, nao watakuta kwamba kipande cha juu huingia mara tatu katika kile cha chini.