Mvua, Ukuta na Beit al-Ajaib

2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa upande wa ziwani umelowa tena, safari hii hadi usawa wa dirisha. Nimegusa lipu kwa kidole, ikabanduka. Ndani udongo laini kama ugali usioiva. Sikumwambia mama mkwe. Ataanza kutaja moja moja nyumba za Rumonge zilizomezwa na Ziwa Tanganyika lilipopanda, na leo sina moyo wa kusikiliza.

Jioni mdogo wangu kanitumia picha kutoka Unguja. Ya zamani. Beit al-Ajaib ikiwa bado nzima, mnara wa saa juu, veranda zimeizunguka ghorofa kwa ghorofa, na zile nguzo nyembamba za chuma cha kusubu zikipanda moja kwa moja kutoka chini. Nimeitazama mpaka simu ikazimika.

1883. Sultani Barghash. Jumba la kifalme mbele ya bahari, na jeupe vile! Nimelala nikiliwaza.

4 Machi

Jua kidogo. Nimeanika chikichi zilizobaki, nikaegemeza mbao ukutani, kisha nikakaa tu.

Mdogo wangu ananieleza kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Boriti! Miti ya mikandaa haitoi boriti ndefu, kwa hiyo chumba kinaishia kwenye mita 3 hivi upana, uwe tajiri uwe maskini. Ukitaka ukubwa, unarefusha tu. Mti wa pwani ndio uliompimia tajiri sebule yake. Napenda hilo.

Barghash akakataa kupimiwa. Akaleta vyuma, zege likachanganywa na mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikapanda juu, kumbi zikapanuka. Aliwahi kuishi Bombay, walikompeleka uhamishoni mwaka 1859 baada ya kumwasi kaka yake Majid. Bila shaka macho yake yalifunguka kule. Alipokalia kiti 1870 hakupumzika: kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu yake, mwaka uliofuata Waingereza wakambana mpaka akafunga soko la watumwa, naye bado akajenga. Akavuta na maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini.

Maji kwa mabomba, enzi zile. Sisi leo asubuhi ndoo tu, na foleni.

5 Machi, usiku

Silali. Matone yanagonga sufuria niliyoweka chini ya kona.

Wanasimulia kwamba mlango mkubwa wa lile jumba ulifanywa mpana ili Sultani apite akiwa juu ya tembo. Sijui nani aliona. Ila tembo walipita mle kweli, kwa pembe zao. Fedha za jumba zilitoka kwenye karafuu, ushuru na pembe, na pembe zilitoka huku. Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikaa Ujiji, kusini kwenye ufuko huu huu wa ziwa, na watu wake walizifikia fukwe zetu. Mtumbwi hadi Ujiji. Halafu Tabora. Halafu Bagamoyo. Zaidi ya kilomita 1,000, pembe begani, na mara nyingi aliyeibeba akawa naye ni bidhaa. Halafu meli, na pembe nyingine hadi Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibonye vya piano.

Nikiitazama ile picha sasa nahesabu mabega. Siwezi kuacha. Nzuri bado. Inaniumiza na ni nzuri.

9 Machi

Mzee wa nyumba ya pili kaja kuomba mche wa mpapai. Kaona picha, kacheka. "Mwanangu, wafalme wetu hawakujenga vile." Yeye ni wa Gitega, ametembea Gishora kwenye ngoma tangu utoto, na akianza kusimulia haishi.

Mwezi Gisabo, mwami wa Burundi, alitawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi 1908, akawazuia watu wa Rumaliza wasiichukue nchi, na nyumba yake ilikuwa ya miti, matete na nyasi. Duara. Kilele kirefu, nyasi zimesukwa kwa ustadi hadi chini, ndani vizuizi vya matete vimefumwa kwa nakshi, ua ndani ya ua. Mfalme akihama, makao yanahama. Akifariki, mahali panaachwa.

Nikamuuliza, basi kimebaki nini?

Miti, akasema. Nguzo za ua zilikuwa za mivumu mibichi, miti ya jamii ya mikuyu. Ukiichomeka ardhini inashika, inatoa mizizi. Nyasi zimeoza zamani, lakini ua umeota ukawa msitu mdogo, na wakulima hawaukati. Ibigabiro. Ukiona mivumu mikubwa imesimama kwa mpangilio kileleni mwa kilima, pale palikuwa kwa mwami.

Tangu aondoke nashindwa kufanya kazi. Jumba linalooza likaacha uzio hai! Nimekaa Kizuka miaka yote hii na sijapanda kilima hata kimoja kwenda kuangalia. Nitakwenda. Mzee kasema tusubiri kiangazi, barabara ya juu sasa ni matope.

10 Machi

Samaki wawili, mukeke, wakubwa. Bei nzuri. Mama mkwe kafurahi, kaimba jikoni. Hakuna mvua. Ukuta sikuuangalia kwa makusudi.

14 Machi

Mvua kubwa usiku kucha. Kipande cha lipu kimeanguka chote, sauti yake ikatuamsha. Mtoto kalia.

Asubuhi nimeongea na mdogo wangu kwa muda mrefu, vocha yote. Nilitaka ajibu kitu kimoja: jumba lile liliangushwa na nini?

Mizinga haikuliangusha. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga makao ya Sultani kwa muda usiofika saa nzima, Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitwalia kiti akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Beit al-Hukm ya jirani ikabomoka, mnara uliokuwa mbele ukaharibika, mamia ya watu wakafa au kujeruhiwa. Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Wakaipachika mnara wa saa usoni, ikaendelea. Ofisi za Waingereza, kisha chama baada ya mapinduzi ya 1964, kisha makumbusho.

Kilichoiua ni maji. Paa likivuja, mbao zikioza polepole, kutu ikila vyuma mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2012 sehemu moja ikaanguka, ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya uso ikaporomoka pamoja na mnara. Watu 2 walikufa, wafanyakazi. Walikuwa wamekwenda kazini siku ile kama siku nyingine, na mke wa mmoja pengine alikuwa anapika.

Sijalia hivi siku nyingi. Kwa jumba la sultani ambaye watu wake waliwabebesha mizigo watu wa huku! Nimelia kwa wale wawili, na kwa nguzo zile, sitenganishi.

Mdogo wangu anasema mafundi wazee wa Unguja hawapaki saruji ukuta wa kale. Chokaa. Ukuta wa mawe unataka kupumua, unyevu utoke. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani yanafanya kazi yao.

15 Machi

Fundi kaja saa tatu. Kagonga ukuta, kakuna kichwa, kasema saruji mifuko minne, siku moja tumemaliza. Nikamwambia hapana. Akashangaa: "Dada, kila mtu anaweka saruji." Matofali yetu ni ya udongo mbichi, nikamwambia, kwa unyevu hayatofautiani na mawe ya Unguja, ukiyaziba utafungwa ndani. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mama mkwe akasimama upande wangu, sikutegemea.

Tumekubaliana hivi: kwanza paa. Bati zile mbili zinazovuja zibadilishwe, na upande wa ziwani paa litokeze nje zaidi, mvua isipige ukuta. Halafu mfereji wa kuchepusha maji nyuma. Lipu mwisho, ukuta ukikauka, udongo na chokaa. Ameahidi kuulizia chokaa Rumonge mjini. Bati nalipa nusu leo kwa faranga za mawese, nusu mwisho wa mwezi.

Nimemwandikia mdogo wangu aulize wale mafundi chokaa inachanganywa na mchanga kiasi gani, na iloweshwe siku ngapi kabla ya kupakwa. Hajajibu bado.