Fedha Hizi Zilitoka Wapi?

Mzee aliingia ofisini kwangu Kariakoo ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayetafsiri makaratasi ya Wamarekani."

Makaratasi yenyewe yalikuwa ya kwake: hati ya mauziano ya kiwanja yenye mhuri wa serikali ya mtaa uliokwisha kufifia, hukumu ya mirathi, risiti za kodi, na kaunta buku moja ya zamani, jalada limeshikizwa kwa selotepu. Binti yake alikuwa anaomba ukaazi wa Marekani kwa njia ya uwekezaji, ile ya EB-5 iliyoanzishwa mwaka 1990. Mtaji ulikuwa zawadi ya baba.

Wengi wanaokuja kwangu huiogopa fomu. Fomu ni maswali tu, hujazwa ikaisha. Mtu akishakuwa na dola 800,000 za kuweka kwenye mradi wa kijijini au wa eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira, au 1,050,000 kwa kwingineko, hujiona amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Fedha zinatakiwa zionyeshe zilikochumwa kwa halali, na kila mkono zilimopita mpaka zikafika kwenye mradi. Kusema ni zawadi hakukati swali, maana aliyetoa naye huulizwa alizipataje.

Swali hilo lilimuuma mzee. "Mwanangu wa kumzaa, nimpe changu, halafu nijieleze kwa mtu asiyenijua?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu, mstari wa juu kabisa: *Kwa Da Mkubwa, za minazi*. Mbele yake kiasi cha fedha. Nikamuuliza maana yake. Mzee aliweka kidole juu ya mstari ule, akakaa kimya kitambo kirefu.

Dada yake aliuza shamba lake la minazi Bagamoyo ili yeye afungue duka la vitenge. Hapakuwa na mkataba wala shahidi. Ndugu ataandikishanaje na nduguye? Dada amekwisha kufariki. "Wanangu hawajui habari hii," alisema. "Wanajua baba yao alihangaika peke yake."

Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku zote nilidhani kinachopotea ni fedha. Siku ile niliona kwamba aliyekuwa anapotea ni Da Mkubwa.

Sheria ya Wamarekani hunitaka nitafsiri waraka mzima, kisha nithibitishe kwa saini kuwa tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba kazi hiyo naimudu. Sina ruhusa ya kupamba. "Za minazi" niliiacha fupi hivyo hivyo. Watoto wa marehemu walikula kiapo mbele ya wakili kueleza walichokijua kuhusu shamba la mama yao. Kuna aliyemshauri mzee atengeneze hati ya mauziano yenye tarehe ya nyuma, nilimsihi asithubutu. Karatasi moja ya kughushi hutia shaka mia za kweli, na lingekuwa kosa kubwa kumweka yule mama ndani ya uongo.

Binti naye nilimwambia asitupe kitu. Kadi ya kwanza ya ukaazi ni ya miaka 2, tena ya masharti. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha atarudi na mafungu mengine ya karatasi, aonyeshe kuwa mtaji uliingia kazini kweli na kuwa ajira 10 za muda wote zimetokana nao.

Mzee alipokuja kuchukua kazi yake, aliukagua ukurasa ule wa kwanza, wa Kiswahili na wa Kiingereza. Kisha akaniomba nimtolee nakala nne zaidi za ule wa Kiswahili. Akazikunja moja moja, akatia kila moja kwenye bahasha yake, akaandika juu majina ya wanawe wanne.