Marehemu Aliyerudi Kudai Mti Wake



Siku ya posho iliyopita kikundi chetu kilikutana kwa mwenzetu mmoja, kule Mudzipela. Tulihesabu pesa za likelemba, tukamkabidhi aliyefikiwa na zamu. Tulipotaka kuondoka, binti wa nyumba akatuzuia: alikuwa amepata filme ya zamani ya kuchekesha. Akawasha jenereta, tukabanana kwenye viti na mikeka, watoto mbele.

Filme hiyo ni ya Marekani, ya mwaka 1964. Inaitwa Send Me No Flowers, na kwa Kifaransa Ne m'envoyez pas de fleurs. Maana yake ni msinitumie maua, yale ya mazishi. Doris Day ndiye mke. Rock Hudson ndiye mume, George, mtu anayejisikia mgonjwa kila siku. Siku moja anamsikia daktari akizungumza kwa simu juu ya mgonjwa ambaye hatapona. Daktari anamsema mtu mwingine, lakini George anaamini ni yeye. Mke hamwambii kitu. Anamwambia jirani yake Arnold, naye Arnold anaanza kunywa pombe na kutunga hotuba ya mazishi. George anakwenda kununua viwanja vya kaburi: kimoja chake, kimoja cha mkewe, na cha tatu cha mume atakayekuja nyuma yake! Hapo tulicheka mpaka mtoto aliyelala akaamka.

Mke anapojua kwamba mume ni mzima, anadhani alitunga ugonjwa ili kuficha mwanamke wa nje. Anamfukuza. George anakwenda kulala kwa Arnold, na majirani hao wawili wanagombana usiku kama watoto, kitanda kimoja hakiwatoshi. Kinachomwokoa ni yule muuza makaburi. Anafika nyumbani na habari ya viwanja vitatu, na mke anaelewa kwamba mumewe aliamini kweli kuwa anakufa.

Nilirudi kwa miguu nikifuata Boulevard de Libération. Jua lilikuwa linashuka, motari walikuwa wanapita na vumbi nyuma yao. Kwenye soko kuu wauza samaki wa Kasenyi walikuwa wanafunika mabeseni, na pembeni mbabula za mahindi ya kuchoma zilikuwa zimeanza kuwaka. Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipinda kuelekea kartie yetu ya zamani, mpaka kwenye parsele ya marehemu mama. Mti wa avoka wa jirani ungali pale, na ubavuni una kovu kubwa pa tawi lililokatwa. Nikasimama chini yake, maana filme ile mimi niliiona hapa mwaka 2003, kabla sijamjua Doris Day.

Mti ulikuwa upande wa mama jirani, lakini tawi moja lililala juu ya mabati yetu. Avoka zikianguka, mabati yanatoboka. Mama alisema zilizoanguka kwetu ni zetu. Jirani alisema mti una mwenyewe. Wakaacha kusalimiana miaka miwili. Tena hawakuwa kabila moja, na ninyi mnajua mwaka ule kabila lilikuwa nini hapa Bunia.

Mwezi wa tano vita viliingia ndani ya mji. Sisi tulikimbilia karibu na uwanja wa ndege, chini ya maturubai, pamoja na maelfu ya watu waliotafuta ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mama jirani alishika njia ya Komanda. Mwezi wa sita askari wa Ulaya wa operesheni Artemis walifika, na mji ukaanza kutulia. Tuliporudi nyumbani tulipata habari kwamba mama jirani ameuawa njiani. Aliyeleta habari aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mwingine.

Watu walinong'ona kwamba mama angefurahi. Mama alikaa chini na kulia mpaka sauti ikakauka. Kisha akauliza: nani atamfanyia kilio, na ndugu zake wametawanyika? Akafungua kilio kwenye uwanja wetu. Kuni hazikupatikana, maana watu waliogopa kutoka mjini. Basi akakata lile tawi, wakalipikia maharagi siku tatu.

Baada ya majuma machache, asubuhi moja, mama jirani akaingia na kikapu kichwani, amekonda lakini mzima, ametokea Beni. Watoto wakapiga kelele na kukimbia. Yeye akatazama juu na kusema: "Yaya, nani alikata mti wangu?"

Mama akajibu: "Tulikata kuni za kilio chako."

Kimya. Jirani hakuamini. Mama akaingia ndani, akatoa kaye ya michango. Jirani akasoma majina polepole: nani alileta unga, nani alileta chumvi, nani alileta sabuni. Jina la kwanza lilikuwa la mama yangu. Akakaa chini, akacheka na kulia pamoja, kisha akasema kama kilio kilikuwa chake, apewe basi maharagi yaliyobaki. Waliyapika siku hiyo, wakala kwenye sahani moja.

Wamama, wengi tuliowalilia mwaka ule hawakurudi na kikapu. Ndiyo maana filme ile ilinichekesha, kisha ikaninyamazisha njiani. Hata leo, kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, kuna wamama wanaongoja habari ya mtu. Siku hizi habari ya kifo inafika kwa simu kabla ya mwili kupoa, na mara nyingine mwili wenyewe uko sokoni unanunua sombe. Kabla ya kuituma mbele, tumpigie kwanza aliyekuwa karibu naye.

Na kama kuna jirani usiyemsalimia kwa sababu ya ua, kuku au mfereji wa maji, usingoje kilio chake ndipo umwonyeshe kwamba ulimpenda. Mama yangu alipata nafasi ya pili. Miaka mingi baadaye, jirani yake alipofariki kweli, mama ndiye aliyefika wa kwanza na mzigo wa kuni. Alizinunua sokoni. Mti hakuugusa.