Kutoka Kilakala hadi Chamonix: Nasaha kwa Mpwa

Kilakala, Morogoro

Mpwa wangu,

Mbio za Ultra-Trail du Mont-Blanc, maarufu kama UTMB, zilianzishwa mwaka 2003. Hufanyika mwishoni mwa Agosti, na huanza na kuishia katika mji wa Chamonix, Ufaransa. Njia inauzunguka mlima Mont Blanc kwa takriban kilomita 170, ikipita Courmayeur upande wa Italia na Champex-Lac upande wa Uswisi. Miinuko yote ikijumlishwa inakaribia mita 10,000. Wanaume wa mbele siku hizi humaliza chini ya saa 20. Ukomo wa muda ni saa 46 na nusu, na kwa kuwa mbio huanza Ijumaa jioni, wakimbiaji wengi hukesha njiani usiku wa pili pia.

Urefu ndio unaowatisha watu, lakini kipimo cha kweli ni miinuko. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Bondwa, penye minara ya mawasiliano, kinapita kidogo mita 2,100. Anayetoka mjini hadi Bondwa hupanda mita 1,600. Kuuzunguka Mont Blanc ni kupanda Bondwa na kushuka zaidi ya mara sita mfululizo. Uhaba wa hewa haupaswi kumsumbua mtu wa hapa, maana njia ya UTMB haivuki sana mita 2,500, ilhali Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya milima yetu ya Uluguru, kinazidi mita 2,600. Mkimbiaji wa Kilakala anao mlima wa kutosha mlangoni kwake. Anachohitaji kukitafuta ni vitu vingine: subira, ujuzi wa kushuka, tumbo lililozoezwa na kinga ya baridi.

Uwezo wa watu wa Afrika Mashariki huko Alps haubishaniwi. Mwaka 2017, katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani yaliyofanyika Premana, Italia, Victor Kiplangat wa Uganda alishinda upande wa wanaume na Lucy Wambui Murigi wa Kenya upande wa wanawake. Kiplangat ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, Budapest 2023. Ila mbio za Premana ziliisha kwa muda wa saa moja hivi. Kwa anayelenga safari ya usiku na mchana, mfano wa kujifunza ni Simon Mtuy wa Tanzania, ambaye mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro na kushuka chini ya saa 10, akijibebea mwenyewe maji na chakula.

Mazoezi ya mbio hizi huhesabiwa kwa saa na mita za kupanda, wala si kwa kasi. Kijana mwenye mbio huona haya kutembea, na hapo ndipo anapojimaliza mapema. Kwenye mwinuko mkali hata mabingwa hutembea, mikono juu ya mapaja au wakijikongoja kwa fimbo mbili, kwa sababu kukimbia hapo hula nguvu nyingi na kuokoa dakika chache. Kwa hiyo safari ndefu moja ya kila wiki, kutoka Kilakala kupitia Morningside, ile nyumba ya enzi ya Wajerumani, ipandwe kwa kutembea haraka bila kusimama. Baada ya miezi kadhaa safari hizo ziwe mbili kwa siku mbili zinazofuatana, ili mwili uzoee kufanya kazi ukiwa tayari umechoka. Wiki mbili au tatu za mwisho mazoezi yapunguzwe, kijana apumzike kweli. Masika, kati ya Machi na Mei, mlima huwa tope tupu, na tope hilo lisiepukwe, maana Alps nako hunyesha. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kibali kikatwe, asiende peke yake, na nyumbani wajue amepita njia gani.

Kushuka ndiko kunakovunja watu. Wakati wa kupanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja inapofanya kazi. Wakati wa kushuka hufanya kazi huku ikivutwa, ikizuia uzito wa mwili kila hatua, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Asiyezoea hujikuta kwenye kilomita ya 80 pumzi anayo, lakini miguu haimshiki tena. Dawa yake ni kushuka mara kwa mara, kwa kiasi kinachoongezwa polepole, kwa kuwa misuli iliyokwisha kuumia kidogo na kupona hustahimili zaidi safari inayofuata. Namna ya kushuka ipo wazi mbele ya macho ya kila mtu Kilakala. Akina mama wanaoteremsha mboga na ndizi kichwani hadi sokoni huenda kwa hatua fupi fupi za haraka, magoti yamelegea kidogo, wayo unatua chini ya kiwiliwili. Hawajizuii kwa kisigino. Kijana atembee nyuma yao asubuhi moja, aangalie miguu yao.

Tumbo nalo hufundishwa. Katika mbio za saa nyingi mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, nazo ni kama ndizi mbivu mbili. Kula kuanze katika saa ya kwanza, kabla njaa haijauma. Viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi vinafaa sana mazoezini, lakini vituo vya huduma vya Alps hutoa supu, mkate na jibini, basi tumbo lizoeshwe na hivyo pia. Maji mengi matupu bila chumvi ni hatari, kwani hupunguza sodiamu katika damu, na mtu huweza kuchanganyikiwa hata kuzimia.

Baridi isipuuzwe hata kidogo. Mwaka 2010 mbio zilisimamishwa kwa mvua na tope, na 2012 njia ilifupishwa hadi kilomita 100 na ushee kwa sababu ya theluji. Kila mshiriki hulazimika kubeba koti la mvua lenye kofia, nguo ya joto, tochi ya kichwani na betri za akiba, blanketi la dharura, filimbi, simu, chakula na maji yasiyopungua lita moja. Koti zuri laweza kupatikana kwenye mitumba, ila ligeuzwe ndani nje na mishono ikaguliwe: iwe imezibwa kwa utepe mwanzo hadi mwisho, na utepe usiwe umebanduka. Kisha livaliwe kwenye mvua ya saa nzima.

Kuingia UTMB si kulipa tu. Anayeomba lazima awe na alama ziitwazo Running Stones, zinazopatikana kwa kumaliza mbio za mfululizo wake, mojawapo ikiwa ile ya George, Afrika Kusini. Halafu huchezeshwa bahati nasibu. Kwa hiyo ni busara kuanza na Sierre-Zinal ya Uswisi, kilomita 31 zenye mwinuko wa mita 2,200, inayokimbiwa tangu 1974. Huko huko, mwaka 2022, mwanamume na mwanamke waliotangulia, wote wa Kenya, walinyang'anywa ushindi kwa dawa zilizokatazwa, zikiwemo za jamii ya zile zinazodungwa kutuliza maumivu ya viungo. Sindano yoyote ya goti iulizwe kwanza kama imeruhusiwa.

Ufaransa, Italia na Uswisi zote zimo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja hutosha. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasi ya kusafiria ishughulikiwe mwaka huu, kabla ya viatu.

Mjomba wako