Nilipotaka kuisahihisha G ya Google

Jamani, mwenzenu wiki hii nilibakiza kidogo tu niumbuke gazetini. Ngoja niwasimulie.

Mnaikumbuka ile G ya Google yenye rangi nne: nyekundu, njano, kijani na bluu. Waliitoa Septemba 2015, pamoja na nembo mpya ya jina lao zima. Mwaka 2025 wakazifanya rangi zake ziingiliane. Nembo ya kabla ya 2015 ilitumia fonti iitwayo Catull, herufi zenye vijiguu na ncha zilizochongoka kama za kalamu ya wino. Mpya zikaja nene, laini, hazina vijiguu. Mimi sikuzipenda tangu siku ya kwanza. Niliona kama mzee wa heshima amevua suti, akavaa kaptula ya shule.

Basi Jumanne nikapata cha kuwachapia. Nilichukua ile G ya 2015, nikaweka duara kamili juu yake kwenye kompyuta. Wapi! Kingo zake hazilifuati duara. Nikaandika makala nzima kwa mbwembwe: kampuni tajiri namna hii inashindwa na bikari ya mtoto wa darasa la sita! Nikachora na G yangu, duara safi kabisa, ikae pembeni ya makala. Nikampelekea msanifu wetu wa kurasa.

Aliitazama, wala hakucheka.

"Mdogo wangu, hebu kasimame kule mlangoni."

Nikaenda. Akaziweka G mbili kwenye skrini bila kuniambia ipi ni ipi.

"Ipi imekaa vizuri?"

"Ya kushoto, kaka."

Ya kushoto ilikuwa ya Google. Yangu, kwa mbali, ilionekana kama imevimba.

Akanivuta kiti. Akafungua fonti ya vichwa vya habari tunayoitumia kila siku, akaweka H na O bega kwa bega, akachora mstari juu na chini. O ilivuka mistari yote miwili, kidogo sana. Akaipunguza ilingane na H. Papo hapo ikaonekana fupi! Macho yetu huiona herufi ya mviringo kuwa ndogo kuliko ilivyo, kwa hiyo fundi huiongezea kidogo. Miaka yote hii nasoma vichwa vile, sijawahi kuliona hilo.

Usiku nikaanza kusoma, jambo ambalo ningepaswa kulifanya Jumatatu. Kumbe Mei 2014 Google waliisogeza g ya pili katika nembo yao kwa pikseli moja kwenda kulia, na l kwa pikseli moja kulia na moja chini. Watu wanaosumbuka kwa pikseli moja, leo wasahau duara zima?

Bado nembo ile siipendi, nisiwadanganye. Ninachokipenda ni ile e ya mwisho, iliyoachwa imeinama kama ilivyokuwa kwenye Catull. Kutoipenda ni haki yangu. Tatizo ni kwamba nilichukua ladha yangu, nikaitafutia rula, nikaiita kosa lao. Na mimi ndiye mwandishi wa habari, ninayelipwa kuuliza watu!

Makala nimeifuta. Siku nyingine nitamuuliza fundi kwanza, hasira baadaye.