Bila Jangwani Hufiki Posta

Msomaji wangu, kama unakaa Kimara, Ubungo au Manzese na kibarua chako kiko Posta, bosi wako wa kweli ni bonde la Jangwani. Yule wa ofisini unaweza kumbembeleza. Bonde halibembelezeki! (Wana Yanga msinune, klabu yenu siigusi.)

Juzi nililikatiza kwa miguu, kutoka Magomeni Mapipa mpaka Fire. Jua la saa saba, vumbi hadi kwenye kope. Mto Msimbazi wenyewe ulikuwa umejikunyata, maji meusi, mifuko ya plastiki imeganda kingoni. Ukiuona hivyo unaweza kuudharau. Lakini unaanzia huko vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kumwaga baharini pale Selander. Mvua ikipiga huko juu, cha moto tunakiona huku chini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar.

Sasa cheki maajabu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, njia ya Kimara hadi Kivukoni ilipitishwa humo humo bondeni, na karakana ikajengwa humo humo. Mwaka 2018 maji yakaingia karakana na kuharibu mabasi. Mto ukifurika, barabara inafungwa, mabasi yanaishia Magomeni, na wewe na shati lako la pasi unaanza kutafuta njia ya kuzunguka.

Niliongozana na dada mmoja muuza mitumba, furushi kichwani, anakwenda Kariakoo. "Kaka yangu," akaniambia, "maji yakijaa siku mbili, mtaji tunaula." Hana mshahara wa mwisho wa mwezi huyo. Siku asiyofika sokoni ni siku isiyo na ugali.

Barabara za juu tumejengewa, ya TAZARA mwaka 2018, ya Ubungo mwaka 2021, na ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila ndugu yangu, uruke Ubungo chapuchapu halafu ukwame Jangwani? Sensa ya 2012 ilitukuta milioni 4.4 jijini, ya 2022 ikatukuta milioni 5.4, na asubuhi ni kama wote tunaelekea mjini!

Daraja jipya, refu na la juu, limo kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022. Kwangu mimi hilo ndilo namba moja, pamoja na kuihamishia karakana mlimani. Mabasi mapya yaje, tena mengi, maana kubanana kule ndani sio mchezo. Lakini ukileta mabasi mia kabla ya daraja, mvua ya masika itayakuta yote yamepanga foleni Magomeni, na yule dada na furushi lake yuko kwenye ngazi ya la kwanza.